Asiye na Uti wa Mgongo Naye Ana Ukoo

Soko la samaki la Feri, pale Magogoni, Dar es Salaam, huamka kabla jua halijachomoza upande wa Kigamboni. Mashua zikishatia nanga, madalali huanza kuita bei, wapara samaki hunoa visu, na mama lishe, wakaangaji na wachuuzi wa baiskeli hugombea mafungu. Ukisogea kwenye meza za viumbe laini utakuta pweza aliyelegea ndani ya beseni, ngisi, dome mwenye ubao mweupe ndani ya mwili, kamba wa kijivu, kaa waliofungwa magando, na siku ya bahati kamba kochi mwenye sharubu ndefu kuliko mwili wake. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa akiosha pweza: "Mama, na huyu naye ni samaki?" Akanijibu bila kusita: "Samaki, mwanangu. Tena huyu hana mwiba, hata mtoto anamla."

Kwa mpishi jibu hilo linatosha kabisa. Kwa mtu anayetaka kuvua mwaka huu, na mwakani, na mwanawe avue baada yake, halitoshi, na pwani yetu imekwisha kulilipia. Mnyama aliyetulipisha hauzwi Feri wala hapikwi Kariakoo. Ni jongoo bahari.

Jongoo bahari hana sura ya kumvutia mtu. Ana urefu wa shubiri au zaidi, hana kichwa wala macho. Upande mmoja ana mdomo, upande wa pili ana tundu ambalo kwalo hutoa taka na kuvuta maji ya kupumulia. Hulala kwenye mchanga na nyasi bahari, na aina nyingine hujifukia mchana zikatoka usiku. Chakula chake ni mchanga wenyewe: anaumeza, anameng'enya mabaki ya mimea na vijidudu vilivyomo, kisha anautoa ukiwa safi. Kazi hiyo huifanya mwaka mzima, naye akijifukia na kufukuka anaugeuza mchanga ukapata hewa. Ukimbughudhi, aina nyingine hutema matumbo yake au nyuzi nyeupe zenye gundi, kisha hukaa kimya mpaka matumbo yaote upya.

Watu wa pwani yetu hawamli. Wachina wamekuwa wakimla kwa karne nyingi, kama kitoweo cha heshima na kama dawa, na biashara ya kumkausha na kumpakia majahazini si ya jana. Kwa muda mrefu ilikuwa biashara ndogo. Mama aliyekwenda pwani kuokota kome na chaza wakati wa bamvua alimwokota na jongoo akipita, akampelekea tajiri wa kijijini, naye tajiri akamchemsha, akamkwangua, akamwanika juani mpaka akawa mgumu, mweusi, wa kujaza gunia. Kisha, miaka ya 1980 na 1990, uchumi wa China ukapanda na bei ikapanda nayo. Hapo ndipo hadithi ilipobadilika.

Waliotangulia kutafutwa ni wale wa bei ya juu: jongoo mchanga, anayekaa kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi, na baada yake pauni, anayekaa chini zaidi. Walipopungua ufukweni, vijana wakaanza kupiga mbizi. Walipopungua kwenye kina cha pumzi moja, ikaja mitungi ya hewa, na pamoja nayo maradhi ambayo wapiga mbizi wengi hawakuelezwa: mtu akikaa chini muda mrefu kisha akapanda haraka, naitrojeni iliyoyeyuka mwilini hugeuka mapovu ndani ya damu na mishipa, na anayetoka majini akiwa mzima anaweza kuwa amepooza miguu kabla ya magharibi. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wengi wa waliopooza katika biashara hii, kwetu na kwingineko katika Bahari ya Hindi, ni vijana waliotumwa na watu wasiowahi kulowa.

Wale wa thamani walipokuwa adimu, tajiri hakufunga ghala. Alishuka daraja. Jongoo aliyekuwa akitupwa kwa kuwa hana bei, sasa alipewa bei. Idadi ya magunia iliyopanda gati haikuanguka mara moja, kwa hiyo aliyetazama magunia tu hakuona hatari. Ilimpasa afungue gunia atazame ni jongoo gani waliomo, na wana ukubwa gani. Mizani ilikuwa ikisema mambo ni shwari huku ndani ya gunia aina moja inaisha na nyingine inachukua nafasi yake, ndogo zaidi na ya bei duni zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji huo. Zanzibar, ambayo ina sheria zake za uvuvi, haikufunga wakati huo, na kwa hiyo wavuvi na mzigo vikavuka mkondo. Lakini hata mahali ambapo marufuku ilishikwa sawasawa, watu walishangaa: mwaka ukapita, wa pili ukapita, na jongoo mchanga hakurudi kama walivyotarajia. Wazee walisema bahari imeghadhibika. Wengine walisema marufuku haina maana, maana unaifunga bahari na bado ni tupu.

Sababu ilikuwa mwilini mwa mnyama mwenyewe, na kila aliyempasua alipita juu yake na kisu. Ukimchana jongoo na kumfungua, utaona kwenye ukuta wa ndani mikanda mitano ya misuli imetandazwa kutoka mdomoni hadi nyuma. Mitano, si minne wala sita. Kiti cha pweza kwa kawaida ana mikono mitano. Yule mnyama wa mviringo mwenye miiba mirefu myeusi, anayewachoma miguu wanaotembea mwambani, ukimvunja gamba utakuta nalo limegawanyika mafungu matano. Hawa ni ukoo mmoja, ekinodermata, wenye aina zipatazo 7,000 duniani, na hakuna hata moja inayoishi mtoni au ziwani. Wote ni wa bahari. Wanatembea kwa vijiguu laini vinavyosukumwa na maji yanayozunguka mwilini. Na wengi wao wana desturi moja ya uzazi: dume na jike hawakutani. Kila mmoja humwaga mbegu au mayai majini, na mkutano unafanyika huko nje, penye mawimbi.

Desturi hiyo inafanya kazi vizuri pale jongoo wanapolala jirani kwa jirani. Ukiwaokota mpaka akabaki mmoja hapa na mwingine mbali kule, mbegu za huyu huchukuliwa na maji zikafa kabla ya kufika kwenye mayai ya yule. Mvuvi anayepita juu ya fungu la mchanga akaona jongoo wawili watatu anasema bado wapo. Wapo kweli. Lakini hawazai, na wanaweza kuishi miaka mingi bila kuzaa.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, kwa kuwa makosa haya ya kuwahesabu viumbe laini wote kuwa kitu kimoja si ya wavuvi peke yao. Hata wanazuoni wa Ulaya walianza kwa kuwatupa wanyama hawa wote pamoja. Carl Linnaeus wa Sweden, katika toleo la kumi la kitabu chake Systema Naturae, mwaka 1758, aliwagawa wanyama wote katika matabaka sita: wanyonyeshao, ndege, amfibia, samaki, wadudu na minyoo. Kaa aliwekwa kwa wadudu. Pweza, kome, konyeza, jongoo bahari na kiti cha pweza wakaangukia kwa minyoo, nalo tabaka hilo likawa kama lile kabati la nyumbani ambamo hutiwa kila kitu kisicho na mahali pake. Mwaka 1793 jumba la makumbusho la Paris lilimkabidhi Jean-Baptiste Lamarck, ambaye sifa yake mpaka hapo ilikuwa katika elimu ya mimea, kazi ya kufundisha kuhusu wadudu na minyoo. Aliikuta elimu hiyo ikiwa vurugu. Mwaka 1801 akatoa kitabu chake kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo, akawatenga koo kwa koo kwa kutazama miili yao kwa ndani: nani ana neva na nani hana, nani anapumua kwa mashavu, nani ana damu inayozunguka.

Jina alilowapa limebaki, ingawa linataja kitu wasichokuwa nacho tu. Zaidi ya asilimia 95 ya aina zote za wanyama duniani hazina uti wa mgongo. Kuwaita hivyo ni kuanza kazi, si kuimaliza, na kazi inayobaki ndiyo inayomfaa mvuvi.

Chukua pweza. Ukoo wake ni moluska, ndugu wa konokono, kome na chaza, ingawa yeye amelitupa gamba. Dome na ngisi wamelibakiza ndani. Ule ubao mweupe wa dome wanaopewa ndege wa kufugwa wanoe midomo ni gamba la babu zake. Pweza ana mioyo mitatu, na damu yake ina rangi ya buluu kwa sababu hubeba hewa kwa shaba badala ya chuma. Lakini la kumfaa mvuvi ni hili: pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja hivi au kuzidi kidogo, na hukua kwa kasi kubwa. Jike akishataga hujifungia shimoni, hupepea mayai yake kwa maji safi, hali chakula, na yakishaanguliwa hufa. Maisha yake ni mafupi na watoto wake ni wengi.

Kwa mnyama wa namna hii kufunga mwamba kwa miezi mitatu kunatosha kuleta tofauti inayoonekana kwa macho. Wavuvi wa Andavadoaka, Madagascar, walijaribu mwaka 2004, na mtindo ukaenea. Huku kwetu vijiji kama Kisiwa Panza, Pemba, vimekuwa vikifunga sehemu ya mwamba wao kwa makubaliano ya wanakijiji, na siku ya kufungua wanatoka na pweza wenye uzito ambao hawakuwa wameuona kwa muda. Nafurahi kila nisikiapo habari hizo. Ila sasa mtu akiupeleka mtindo uleule, kwa miezi ileile mitatu, kwenye fungu la jongoo bahari, atakuwa amefunga bure. Pweza atakuwa ameongezeka uzito maradufu. Jongoo atakuwa palepale alipokuwa, akisubiri jirani asiyekuwapo. Wote wawili ni laini, wote hawana mfupa, wote huokotwa maji yakipwa kwenye pwani moja na mtu mmoja. Tofauti yao ni ya ukoo, na ukoo ndio unaoamua kama unahitaji miezi mitatu au miaka mingi.

Pweza naye ana mpaka wake. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Jioni Kariakoo, kwenye meza za supu ya pweza, vipande vimeshakatwa na kuchomekwa vijiti, na mlaji hawezi kujua kipande chake kimetoka kwa pweza wa kilo mbili au kwa mtoto ambaye hakuwahi kutaga. Anayeweza kujua ni yule anayenunua mzima, alfajiri, Feri. Dhamana iko kwake.

Kamba ni ukoo mwingine tena, arthropoda, pamoja na kaa na kamba kochi, na kwa mbali zaidi hata panzi. Mifupa yao iko nje, kwa hiyo hawawezi kukua bila kuvua gamba. Kamba wa Rufiji hutaga baharini. Watoto wake huingia na maji kwenye mikoko, hukulia humo, kisha hurudi baharini wakubwa. Meli za kukokota nyavu za kamba zilisimamishwa kwa miaka kadhaa kuanzia 2008, na ilikuwa haki. Lakini mtu anayekata mkoko Rufiji kwa ajili ya boriti au shamba la mpunga anamvua kamba bila kushika wavu, na hakuna meli utakayoisimamisha ikarudisha nyumba hiyo.

Ukitoka Feri ukafuata barabara ya Kivukoni hadi Sokoine Drive utafika Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid. Kuta zake ni mawe ya matumbawe. Nimewaona wanafunzi wakipita hapo bila kujua kwamba wanagusa mifupa ya mnyama, ndugu wa konyeza yule anayewawasha wakioga Coco Beach. Tumbawe na konyeza ni ukoo wa wenye seli za kuchoma: mfuko mmoja wa mwili, mdomo mmoja, minyiri pembeni. Tumbawe hujijengea jiwe la chokaa, na ndani ya ngozi yake hufuga mimea midogo sana inayompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto huifukuza mimea hiyo, akabaki mweupe, na joto likidumu hufa. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Matumbawe ya kichwa kikubwa hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Waliochimba matumbawe hai Mafia na Mtwara wakayachoma kupata chokaa, na waliorusha baruti kwa ajili ya kapu moja la samaki, waliyachukulia kuwa mawe. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, karibu kabisa na jiji hili, na bado tulisikia milipuko ikirindima baharini miaka mingi baadaye. Linaniuma hilo kuliko mengine yote, maana la jongoo tulikuwa hatujui, lakini sheria ya kukataza baruti ilikuwapo na visiwa vilikuwa na jina.

Yapo makombe makubwa ya rangi ya kahawia, yaliyosokotwa, ambayo zamani yalipulizwa kama baragumu na sasa huuzwa kwa watalii. Konokono mwenye gamba hilo ni miongoni mwa wachache wanaomla kiti cha pweza wa miiba, na kiti cha pweza huyo chakula chake ni matumbawe hai. Anayenunua kombe hilo kupamba sebule anamwondolea mwamba mlinzi.

Kuna pia upande wa heri. Jambiani, Unguja, wanawake wanafuga sifongo. Sifongo ni mnyama asiye na moyo, tumbo wala neva. Mwili wake ni matundu yanayopitisha maji. Kwa sababu hiyo ukimkata kipande ukakifunga kwenye kamba baharini, kipande hicho hukua kikawa sifongo mzima. Jaribu hivyo kwa pweza uone. Mfugaji wa Jambiani amefaulu kwa kuufuata mwili wa mnyama wake ulivyo. Na Beit el Ras, hapohapo Unguja, kipo kituo cha kutotolesha viumbe wa baharini kinacholea jongoo mchanga: huwaweka wazazi pamoja ndani ya tangi, mbegu na mayai hukutana bila kupotea, na vifaranga hupelekwa kwa wafugaji wa ufukweni. Ni njia ndefu na ya gharama ya kufanya kitu ambacho bahari ilikifanya bure jongoo walipokuwa jirani.

Nina ombi kwa wanaosimamia soko la Magogoni, na nalitoa kwa moyo mmoja. Penye mnada wa viumbe laini wabandike picha kubwa, kwa Kiswahili, si ya kila mnyama, bali ya wale wanaobeba dalili zao nje. Pweza na mizani ya gramu 500. Kaa akiwa amegeuzwa chali: dume ana kifuniko chembamba kilichochongoka tumboni, jike ana kipana cha mviringo. Na kamba kochi jike mwenye mayai, ambayo huyabeba chini ya mkia, mengi mno, rangi ya chungwa, yameshikamana na vijiguu vya kuogelea. Dalali anaweza kumgeuza na kumtazama kwa muda mfupi kuliko anaotumia kuita bei moja. Akiwa na mayai na bado anapiga mkia, maji yako hatua chache tu kutoka kwenye meza. Arudishwe kabla mnada haujaanza.